Kadi, dola na rupia Chennai: uzi kwa tunaosindikiza wagonjwa India

BintiKombo

Wakuu, salaam kwenu.

Nimerudi Dar wiki tatu zilizopita. Baba alifanyiwa upasuaji wa moyo Chennai, anaendelea vizuri, juzi kaenda msikitini na kurudi kwa miguu yake. Namshukuru Mungu na nawashukuru wote waliotuchangia. Kabla sijasahau nataka niandike habari ya pesa. Humu kuna nyuzi nyingi za hospitali gani nzuri na daktari gani bingwa, lakini uzi wa namna ya kuishi na pesa ule mji sikuupata wakati nauhitaji, na hilo ndilo lililonitoa machozi kuliko hata upasuaji wenyewe.

Nianze na lililonikuta. Sisi tulijipanga. Pesa ya matibabu ilikuwa kwenye akaunti ya baba, kadi yake mpya, benki tuliipelekea barua kwamba tunakwenda India kuanzia tarehe fulani. Dipoziti ya kwanza baba alilipa mwenyewe, akabonyeza namba ya siri, mashine ikatoa karatasi, tukaona mambo mepesi. Siku ya nne akaingia chumba cha upasuaji, akatolewa kupelekwa ICU akiwa bado na mpira wa kupumulia. Jioni ile nikaitwa kaunta: dipoziti inakaribia kwisha, naomba uongeze.

Kadi ninayo mkononi. Namba ya siri anaijua baba peke yake. Simu inayopokea meseji za benki ni ya baba, inafunguka kwa kidole chake. Na baba amelala, hajitambui, kidole chenyewe kimebanwa kile kibanio cha kupimia oksijeni. Nilisimama pale kaunta nimeshika pesa ya ukoo mzima na siwezi kulipa hata rupia moja.

Dada wa kaunta alikuwa mpole, akanipa mpaka kesho yake. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. India wametutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo benki ya Dar ikifungua saa mbili na nusu asubuhi, Chennai ni saa tano tayari, na nusu ya siku imekatika. Kaka yangu alikuwa mlangoni kwa benki kabla hawajafungua. Wakamjibu kwa heshima tu: akaunti ni ya mzee, bila mzee mwenyewe hatuwezi kukusaidia. Na wana haki, ndivyo inavyotakiwa. Kosa lilikuwa letu.

Kilichotuokoa ni dola 1,500 nilizokuwa nimezigawa mafungu matatu, moja kwenye begi la nguo, moja mwilini, moja ndani ya Msahafu wa baba. Nikazibadilisha pale pale mtaa wa Greams Road, ambako maduka ya kubadilisha fedha yamejaa kwa sababu ya wagonjwa, nikapeleka risiti kaunta saa saba mchana.

Kwa hiyo la kwanza, na kama una haraka ishia hapa: pesa iwe kwenye jina la mtu atakayesimama kaunta. Mgonjwa hatasimama kaunta. Msindikizaji awe na akaunti yake, kadi yake, laini yake ya simu, na sehemu kubwa ya pesa ihamishiwe kwake kabla ya kupanda ndege. Najua kwenye familia hili ni gumu kulisema, wazee wanaona kama unamrithi mtu angali hai. Lisemeni hivyo hivyo.

Mengine nitayaandika usiku watoto wakilala.

Mwanaidi_Kihonda

Dada BintiKombo pole sana, na hongera kwa mzee kupona. Umenigusa. Mimi nampeleka mama mwezi ujao, Chennai huko huko, na kila kitu kiko kwenye akaunti yake ya kiinua mgongo. Sijawahi kutoka nje ya nchi zaidi ya Mombasa. Naomba uandike kila kitu hata unachoona kidogo. Pesa ya kula naipataje? Kadi yangu ya kawaida ya benki itafanya kazi? Niende na rupia kutoka huku?

Kaka wa Tegeta

Mimi nimeenda Delhi mara tatu na mgonjwa. Dada zangu, msijisumbue na makadi. Beba dola taslimu zote, badilisha, lipa, rudi nyumbani. Kadi inakufa wakati wowote, dola haifi. Huo mkasa wenyewe wa BintiKombo umetatuliwa na nini? Dola.

BintiKombo

Kaka wa Tegeta, shikamoo, na nakubali nusu ya uliyosema. Dola ziliniokoa kweli. Lakini "zote" hapana, na nina sababu mbili ambazo si za woga.

Moja, India ukiingia na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au jumla ya fedha za kigeni za aina zote inayozidi dola 10,000, lazima ujaze fomu ya kutangaza forodhani. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza. Watu wengi wanapita kimya wakidhani wanajificha na wezi, kumbe wanajitafutia kesi.

Mbili, na hii niliambiwa na mhasibu mwenyewe: sheria ya kodi ya mapato ya India, tangu Aprili 2017, inamkataza mtu kupokea taslimu ya rupia laki mbili au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, au kwa jambo moja. Bili ya upasuaji ni jambo moja. Ukisema uigawe, leo laki na nusu, kesho laki na nusu, bado ni bili ile ile. Kwa hiyo hata ukiwa na gunia la rupia, sehemu kubwa ya bili itabidi ipite kwenye kadi au kwenye akaunti ya benki. Ndiyo maana mimi sasa nasema: bili ilipwe kwa uhamisho wa benki uliotumwa mapema, yaani siku kadhaa kabla ya kusafiri, kwenda akaunti ambayo hospitali imeiandika kwenye barua yake rasmi. Kadi ni ya nyongeza. Dola ni za siku kama ile yangu.

Mwanaidi mdogo wangu, nakuja kwako.

Rupia kutoka huku usihangaike nazo. Nenda na dola, noti za 100, mpya, zisizo na muhuri, zisizoandikwa kwa kalamu, zisizokunjwa zikachanika pembeni. Noti za dola 20 na 10 utapewa bei ya chini. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu, mimi nilibadilisha dola 50, kwa sababu viwango vya uwanjani ni vibaya na wanakata na gharama juu yake. Zilizobaki badilisha mjini. Pasipoti watakudai, usishangae, ni utaratibu wao.

Usiulize "dola leo bei gani". Uliza hivi: "Nikikupa dola mia moja, unaniwekea rupia ngapi mkononi?" Maana kuna anayekutajia kiwango kizuri halafu anakata ada na kodi. Mimi nilizunguka maduka matatu ndani ya hatua mia mbili, na tofauti ya juu na chini ilitosha nauli zangu za bajaji za siku mbili. Risiti ya kubadilishia itunze ndani ya pasipoti, kwa sababu siku ya kuondoka ukitaka kurudisha rupia kuwa dola wataitaka.

Noti zao sasa ni hizi: 500 rangi ya kijivu, nyuma ina Ngome Nyekundu ya Delhi. 200 ya njano kali. 100 ya zambarau iliyopauka. 50 ya bluu, 20 ya kijani inayoelekea njano, 10 ya kahawia. Sarafu zipo hadi 20. Zishike mkononi uzijue kabla hujatoka kwenye duka la fedha, kwa sababu ukiwa na usingizi na wasiwasi wa mgonjwa, rangi ndiyo inayokusaidia.

Na kumbuka kila unapobadilisha omba noti ndogo. Hapo ndipo nina hadithi.

Asubuhi ya pili nilishuka kununua chai. Kibanda kiko nje ya geti, mzee amesimama nyuma ya birika la shaba, anamimina chai kutoka juu mpaka inatoa povu. Manesi wamejipanga, kila mmoja ananyoosha simu kwenye kile kibandiko chenye mraba wa madoadoa, na kila akilipa, kuna kiboksi kidogo kama redio kinasema kwa sauti ya mwanamke, kwa Kitamil, kiasi kilichoingia. Mzee hata haangalii, anasikiliza tu kwa masikio. Chai rupia 15. Ikafika zamu yangu, nikatoa noti ya 500. Mzee akaitazama, akatikisa kichwa, akasema "chillarai illai". Nesi mmoja akanitafsiria: hana chenji. Nikaona aibu, nikageuka niondoke. Akaniita, akanipa glasi ya chai, akaonyesha kidole kuelekea kesho. Kesho yake nilimpelekea rupia 30 kamili, na tangu siku hiyo nilikuwa namwita "anna", ndiyo kaka kwa lugha yao, na yeye akinipa glasi iliyojaa zaidi.

Hiyo "chillarai" ishike. Utaisikia kwa muuza ndizi, kwa dereva, kwa mwenye duka la maji. Noti za 500 nilikuwa nazivunja duka la dawa la hospitali asubuhi, nanunua kitu chochote kinachohitajika, maana wao wana chenji siku zote.

MkenyaPune

Hamjambo wadau. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa tatu huku Pune, nyumbani ni Kilifi. Hizo stika za QR alizozisema dada ni za UPI. Ni mfumo wa malipo wa benki zote za India, ulianza Aprili 2016. Hapa kila mtu anautumia, kuanzia duka kubwa hadi mama wa maua ya hekaluni. Sisi tumezoea M-Pesa kwa hiyo tunaona kama kitu kimoja, lakini tofauti ni kubwa kwa mgeni: UPI inataka akaunti ya benki ya India na laini ya India iliyofungwa na hiyo akaunti. Ukipakua programu zao ukiwa na namba ya Tanzania au Kenya, haikufikishi mbali.

Ipo njia moja ya wageni, UPI One World. Ni pochi ya simu unayoijaza kwanza, ilianza 2023 kwa wageni wa nchi za G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mwaka ule India ilipokuwa mwenyekiti, baadaye ikapanuliwa. Inatolewa na baadhi ya kaunta za kubadilisha fedha uwanja wa ndege, wanakagua pasipoti na viza. Mwenye kukaa mwezi mzima aulizie. Lakini usipange safari ukiitegemea.

Kuhusu mashine za ATM, Mwanaidi, nisikilize vizuri kwa sababu zina mambo yake ambayo nyumbani hatuyajui.

Kadi yako ikiwa na alama ya Visa au Mastercard na benki yako imeifungulia matumizi ya nje, itafanya kazi. Ingia kwenye mashine iliyo ndani ya jengo la benki au ndani ya hospitali. Baadhi ya mashine, hasa za State Bank of India, baada ya kuchagua lugha zinakuuliza uandike namba yoyote kati ya 10 na 99. Watu wa kwetu hapo wanaganda, wanadhani ni namba ya siri, wanaandika namba ya siri, inakataa, wanarudia, mwisho wanaondoka wakiamini kadi imefungwa. Si namba ya siri. Andika namba yoyote ya tarakimu mbili, 25, 70, upendavyo, halafu endelea. Itakuuliza pia aina ya akaunti, ya akiba au ya hundi. Ikikataa moja jaribu nyingine.

Mashine nyingi hazitoi zaidi ya rupia 10,000 kwa mara moja kwa kadi za nje, na kila mara kuna ada ya mashine pamoja na ada ya benki yako. Kwa hiyo kutoa elfu mbili mbili ni kujichuna. Toa 10,000, kaa nayo siku kadhaa.

Na hili watu wanapoteza pesa bila kujua: mashine, iwe ya ATM au ile ya dukani, inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa rupia au kwa sarafu ya kwenu. Chagua rupia kila mara. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anapanga kiwango cha kubadilishia, na hatajipunja. Dukani muuzaji anaweza kukubonyezea mwenyewe, kwa hiyo angalia kioo kabla hujaweka namba ya siri.

Mwanaidi_Kihonda

Hiyo ya 10 na 99 ningeshikwa nayo kabisa. Asante kaka. Swali: benki niwaambie nini hasa? Nikisema tu "nasafiri" inatosha?

BintiKombo

Haitoshi, mimi ni shahidi. Nenda tawini uketi na mtu, umwombe mambo haya na ayaandike:

Kadi ifunguliwe kwa India, na pia kwa nchi utakayobadilishia ndege. Akuambie kikomo cha kutoa ATM kwa siku na kikomo cha kulipia kwenye mashine kwa siku, vyote viwili, kwa sababu ni tofauti. Kikomo cha kulipia kipandishwe kifike ukubwa wa dipoziti moja ya hospitali. Ujue namba ya simu ya kupiga ukiwa nje, maana zile namba fupi za bure haziiti ukiwa India. Na uombe baruapepe ya afisa mmoja.

Halafu laini yako ya Tanzania isizimwe. Iwashie romingi kabla hujaondoka, hata kama hutapiga simu, ikae kwenye simu ya pili ikipokea meseji tu. Ukilipa mtandaoni, ile namba ya uthibitisho inakuja kwenye laini uliyoandikisha benki, haijali kwamba wewe uko Chennai. Nimewakuta Watanzania wawili kwenye nyumba ya wageni waliobadili laini wakaitupa ya nyumbani chini ya begi, wakakaa siku mbili hawawezi kuhamisha pesa zao wenyewe.

Kadi ziwe mbili, za benki mbili tofauti. Moja ikae mwilini, nyingine chumbani.

Kaka wa Tegeta

Nimesoma yote. Hiyo ya laki mbili nilikuwa siijui, mara zote tatu bili zetu zilikuwa ndogo, ni uchunguzi na dawa. Mwaka huu namsindikiza shemeji kwa upandikizaji wa figo, bili si ya mchezo. Kwa hiyo nitatuma kwa benki kama ulivyosema. Ila nyumba ya kulala na chakula, huko taslimu bado mfalme, hilo mtanikubalia.

BintiKombo

Nakubali kabisa kaka yangu. Nyumba zile za wageni kuzunguka Greams Road na Thousand Lights wengi wanataka taslimu, kwa siku au kwa wiki. Muombe risiti, na pasipoti watainakili kwa sababu wanatakiwa kupeleka taarifa ya mgeni serikalini. Bajaji pia taslimu. Ukiita kwa programu ya simu, chagua kulipa taslimu, bei inatokea kabisa, huna haja ya kubishana, ila uwe na kiasi kamili. Dereva akiuliza "GPay?" anamaanisha UPI, mwambie "cash, anna" kabla hujapanda, asikukatalie katikati ya safari.

Kutoka uwanja wa ndege, kama mgonjwa ana nguvu na mizigo ni michache, treni ya metro inakwenda moja kwa moja mpaka kituo cha Thousand Lights, na nauli haizidi rupia 50. Sisi kwenda tulipanda teksi kwa sababu ya baba, kurudi tulipanda metro. Baba alikaa dirishani njia nzima akihesabu vituo.

Mzee wa Malindi

Assalaam alaykum. Nimefuatilia uzi huu kwa furaha, na BintiKombo Mungu ampe mzee wako afya.

Nataka kuwapunguzia vijana hofu. Hizo fedha si ngeni kwetu. Babu yangu Unguja alilipwa kwa rupia, na visiwani tulizitumia mpaka miaka ya 1930. Bara, upande wa Waingereza, waliziacha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wajerumani nao Tanganyika walikuwa na rupia yao, mwanzo ikagawanywa pesa 64, kisha kuanzia 1904 ikagawanywa hela 100. Pesa ni paisa ya Kihindi, hela ni heller ya Kijerumani. Na laki mnayoitamka kila siku ni laki yao hiyo hiyo.

Sasa hapo kwenye laki mjihadhari na mahali pa mkato. Wao baada ya elfu wanahesabu kwa mbili mbili. Laki tatu na arobaini na tano elfu wanaiandika 3,45,000. Mke wangu alipolazwa, mwanangu aliyezoea hesabu za shuleni aliiona hiyo akadhani karani amekosea, akaanza kumrekebisha. Soma kwa Kiswahili chako cha laki, utaipata sawasawa. Kinachofuata juu yake wao wanakiita crore, ni laki mia, yaani milioni kumi. Bili ya hospitali isifike huko inshallah.

Fundi_Saa

Naongeza tahadhari moja kutoka kwenye kidonda changu. Novemba 2016 nilikuwa Mumbai na dada yangu, kansa. Tarehe 8 usiku, saa mbili kwa saa za kule, waziri mkuu Narendra Modi akatangaza kwenye televisheni kwamba noti za 500 na 1,000 zinakoma usiku wa manane. Noti hizo mbili zilikuwa kama asilimia 86 ya thamani ya fedha yote iliyokuwa mikononi mwa watu. Mimi nilikuwa nimebadilisha mchana ule ule, mkononi nina noti za 500 tupu. Asubuhi ATM zimefungwa, zilipofunguliwa kikomo kilikuwa rupia 2,000 kwa kadi kwa siku, na foleni inazunguka jengo. Nilisimama saa sita kwa pesa ya dawa ya siku moja. Dada alikuwa ananiuliza kwa simu "umefika wapi", namjibu "nimekaribia", na sikuwa nimekaribia. Alifariki mwaka uliofuata, nyumbani, na bado nikiona foleni ya ATM naisikia ile sauti.

Nayasema haya kwa sababu huku kwetu bado kuna watu wamehifadhi rupia za zamani na wanawauzia wasafiri kwa bei ya huruma. Ile 500 ya kijivu ndiyo nzima. Ya zamani haina thamani tena. Na ile 2,000 ya rangi ya waridi iliyotoka baada ya tukio lile, benki kuu yao ilitangaza kuiondoa kwenye mzunguko Mei 2023, maduka hayaipokei. Ukipewa na mtu yeyote, ikatae hapo hapo.

BintiKombo

Fundi_Saa, pole sana kaka. Mungu amrehemu dada. Asante kwa kuandika, najua si rahisi.

Nikuongezee Mwanaidi na noti iliyochanika. Hata kama imechanika pembeni kidogo, muuza mboga ataikataa. Zihesabu na uzigeuze moja moja kwenye duka la fedha, mbele yao, usione haya.

Na siku ya mwisho, dipoziti ikibaki, uliza mapema wanairudishaje. Mara nyingi inarudi kwa njia ile ile iliyoingilia, kwenye kadi au akaunti, na inachukua siku. Kwa hiyo usiihesabu kama nauli ya kurudia.

MkenyaPune

Wakenya wenzangu mlio humu: ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, GlobalPay, haina plastiki. Haiingii ATM. Inafaa kulipia hoteli au tiketi mtandaoni kabla hujaja. Hapa India penyewe kuna tovuti nyingi zinazokataa kadi za nje, kwa hiyo mambo ya treni na ndege za ndani yalipe ukiwa na kadi ya pili ya kujaribia, au mwombe wakala.

Mwanaidi_Kihonda

Wapendwa, naandika nikiwa Chennai. Tumefika juzi usiku.

Nilifanya kama mlivyosema. Nilikaa na mama sebuleni, nikamwambia habari ya baba yake BintiKombo pale kaunta. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi twende benki kesho, nisije nikakuacha unalia kwa wenyewe." Tumehamisha. Dipoziti tuliituma kwa benki siku nane kabla ya safari, na leo asubuhi kaunta wamenionyesha kwenye kompyuta kwamba imeingia.

Nimetoka kwenye ATM sasa hivi. Iliniuliza namba kati ya 10 na 99. Nikaandika 63, umri wa mama. Ikaniuliza akaunti, nikachagua ya akiba, ikakataa, nikarudia kwa ile nyingine, ikahesabu noti ishirini za kijivu na kunipa. Noti moja nimeivunja duka la dawa, nimenunua pamba na maji, sasa nina kumi kumi na ishirini ishirini mfuko mzima.

Mama anaingia Jumatatu saa moja asubuhi. Kadi ni yangu, namba ya siri naijua, simu ninayo.